Nalipa Pensheni Isiyokuwepo

Mshauri wetu wa Jumamosi,

Salamu nyingi. Miaka yote nasoma ukurasa wako huku nawacheka wanaokuandikia, nasema hivi hawa watu hawana ndugu wa kuwaambia shida zao, kumbe siku yangu ilikuwa njiani. Naomba msaada wako. Ndugu ninao, tena wengi, ila hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama usoni nikamwambia haya ninayokuandikia.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale pale, ndiyo maana kiwandani hakuna anayeniita jina langu, ni Katibu tu, Katibu njoo, Katibu tusaidie, na mimi nilikipenda cheo hicho kuliko hata mshahara. Mtu akikatwa saa za ziada anakuja kwangu, mtu akitaka kujua michango yake ya uzeeni imefika wapi anakuja kwangu, na mimi, mshauri, sijawahi kumwambia mtu neno "sijui". Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Nilikuwa na rafiki, tukimwita Mpishi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimamia yale mapipa makubwa ya kupikia sabuni, na mkewe alikuwa akimtania kwamba ameolewa na mpishi wa miaka ishirini ambaye hajawahi kuleta nyumbani hata kijiko cha mchuzi. Huyo Mpishi na mimi tuliajiriwa miaka inayokaribiana, tumekula pamoja, tumezikiana wazazi, watoto wake wananiita baba mkubwa na mkewe ananiita shemeji.

Sasa, zaidi ya miaka minne iliyopita niliitwa kwenye semina ya siku moja ya viongozi wa matawi, kuhusu Mfuko wa mafao ya uzeeni, ule ambao kila mwezi mfanyakazi anakatwa kidogo na mwajiri anaongezea chake. Asubuhi nilisikiliza vizuri, lakini baada ya chakula nikakaa nyuma karibu na feni na usingizi ukanichukua, sikufichi, na nilipozinduka nikasikia mtoa mada anasema kanuni za kujitoa zinaangaliwa upya, na kwamba huko mbele mtu hataruhusiwa kuchukua michango yake yote kabla ya umri wa kustaafu. Sikuuliza swali, ningeulizaje wakati nilikuwa nimelala? Nikachukua karatasi zangu nikarudi kiwandani nimevimba kichwa, kesho yake nikapanda juu ya kreti nikawaambia watu kwamba wanataka kutufungia pesa zetu, pesa yako ni ile iliyo mkononi, chukueni chenu mapema. Watu walinipigia makofi mpaka afisa utumishi akatoka kuangalia kuna nini.

Na huyo afisa utumishi ndiye aliyetupa njia, maana kanuni inasema mtu akiachishwa kazi, akakaa miezi sita bila kuchangiwa, anaruhusiwa kuchukua michango yake, basi yeye akaandika barua za kuachishwa kazi kwa kila aliyetaka, watu wakawa vibarua kwenye mashine zao zile zile kwa miezi sita, halafu wakaandikwa upya kama wageni. Mwajiri alifurahi, miezi sita hakuchangia hata senti, nasi tukafurahi tukidhani tumemzidi ujanja. Watu thelathini na saba walijitoa. Mpishi alisita. Alikuja stoo, akakaa juu ya magunia ya magadi, akaniambia, "Katibu, mimi hesabu zangu ni za chumvi na moto. Hizi za Mfuko nakuachia wewe. Niambie ukweli, nijitoe au nisijitoe?" Nikamwambia jitoe bwana, unangoja nini? Alikuwa na miaka kumi na tisa ya michango, mshauri. Kumi na tisa.

Halafu hapa ndipo penye aibu yangu kubwa: mimi sikujitoa. Barua yangu ilikuwa imeandikwa tayari, nikaenda nayo nyumbani, na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, akachukua penseli akahesabu nyuma ya ile barua, akaniambia, "Miaka yote hii unaiuza kwa bei ya kiwanja? Haya. Ukijitoa huko, jitoe na humu ndani." Namfahamu mke wangu, hatanii na namba. Nikaikunja barua nikaiweka droo, na kiwandani nikawaambia yangu inashughulikiwa, na walipouliza mbona wewe si kibarua nikasema stoo haiwezi kukaa bila mwenyewe. Nilikula bia ya kusherehekea pamoja nao, na sikuwaambia nilichoambiwa nyumbani kwangu.

Mpishi alizichukua pesa akanunua kiwanja na kuanza vyumba vitatu vya kupangisha, vikaishia kwenye lenta, pesa ikaisha. Akaandikwa upya kama mwajiriwa mpya, akachangia miezi kumi na minne, halafu siku moja asubuhi, anavaa buti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka. Kiharusi. Hakufika jioni.

Kwenye msiba, mbele za watu, mjane wake aliniletea mfuko wa nailoni wenye kadi yake ya uanachama, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na siku chache baadaye akaniongezea cheti cha kifo, akasema, "Shemeji, mambo ya Mfuko sisi hatuyajui, tunakuachia wewe." Nikasema usijali shemeji, nimelibeba. Ningesema nini? Niseme mbele ya jeneza kwamba miaka kumi na tisa ya marehemu niliila mimi kwa mdomo wangu? Nikaupeleka ule mfuko stoo, nikaufungia kabati la glavu, kwa sababu nilijua miezi kumi na minne haiwezi kumpa mtu pensheni, sasa niende nikaulize nini?

Mwezi wa pili baada ya mazishi akanipigia, "Shemeji, wamesemaje?" na mimi, sijui shetani gani alinishika ulimi, nikasema wameanza kulipa. Nikatoa theluthi ya mshahara wangu, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikampelekea, nikamwambia malipo yanapitia chama na mimi ndiye ninayemsainia. Mwezi uliofuata nikanunua daftari la kusainia ili ionekane kazi ya ofisi. Anasaini, mshauri, kila tarehe tano anaweka cherehani pembeni, maana anashona sare za shule, anafuta mikono na kusaini taratibu sana, halafu anaushukuru Mfuko na kuniombea mimi dua. Miezi ishirini na sita sasa. Kila akisema amina natamani ardhi inimeze.

Nyumbani nako hakukaliki. Mke wangu aliona pesa inatoka kila mwezi na hairudi, akahesabu kama kawaida yake, akafikia jibu kwamba nina nyumba ndogo. Alinikabili, nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliona heri aniite mhuni kuliko ajue nilichomfanyia Mpishi baada ya yeye kuniokoa mimi. Tangu hapo tunaongea mambo ya gesi na umeme tu.

Sasa maji yamezidi unga. Mwisho wa mwezi ujao natimiza miaka sitini, nastaafu, na juzi nimeletewa taarifa ya michango yangu, miezi yote imo, hakuna hata mmoja uliokatika, nikaikunja haraka wenzangu wasiione. Lakini pensheni yangu ni ndogo kuliko mshahara, haiwezi kutoa bahasha ile. Na tarehe tano iliyopita shemeji alinipokea anacheka, akaniambia binti yao wa mwisho amepata nafasi chuo cha uuguzi na yeye amepata mteja wa vile vyumba.

Nikamuuliza, "Vyumba vya marehemu?"

Akasema, "Sasa vya nani tena? Vyumba visivyo na bati vitanisaidia nini, shemeji? Mtoto asome. Mimi pensheni ya kunilisha si ipo?"

Mteja analeta pesa tarehe kumi na tano. Karatasi ya mauziano imeshaandikwa, na mahali pa shahidi wameandika jina langu.

Mshauri, silali. Nimefikiria nichukue fungu langu la mkupuo nitakalopewa nikistaafu, nilitie kwenye bahasha kidogo kidogo, aendelee kusaini mpaka mmoja wetu afe. Nimefikiria pia nimtafute mtu avinunue vile vyumba kwa niaba yangu kisha siku moja nimrudishie. Au niseme? Nikisema, nitakuwa nimemwua Mpishi mara ya pili, na yule mama hatanisamehe, wala mke wangu, wala wale thelathini na sita waliobaki. Niambie nishike lipi. Nakusikiliza, hata ukinitukana.

Ni mimi, Katibu.

*

Katibu,

Sikutukani, ingawa ulimi unawasha. Barua yako imeruka foleni ya wenzako waliotangulia kuniandikia, kwa sababu ya hiyo tarehe kumi na tano, na leo unaposoma ni tarehe kumi na moja. Kwa hiyo tusizungukane.

Nakuonea huruma. Mtu anayetoa theluthi ya mshahara wake miaka miwili, akakubali kulala kitanda kimoja na mke asiyemsemesha, si mtu mbaya. Ungekuwa mbaya ungeshamkwepa yule mama siku ya arobaini. Rafiki yako ulimpenda na bado unamlilia, hilo nimeliona kila mstari. Na kifo chake hukukileta wewe, ondoa hilo kichwani.

Lakini, baba wee! Umekosa mara ngapi kosa hilo hilo? Kwanza ulilala kwenye semina, ukaamka na nusu sentensi, ukawatoa watu thelathini na saba kwenye mafao ya uzee wao. Hukuuliza. Kisha ukapewa mfuko wa nailoni wenye nyaraka za mjane, ukasema "nilijua miezi kumi na minne haiwezi kumpa mtu pensheni", ukaufungia na glavu. Ulijua kutoka wapi? Ni nani aliyekuambia? Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema "nilikwenda kwenye ofisi ya Mfuko nikauliza". Hapapo. Miezi ishirini na sita, Katibu, hujawahi kufika dirishani!

Mimi sikujua, kwa hiyo niliuliza. Nilimpigia mama mmoja aliyefanya kazi kwenye madawati ya mafao mpaka akastaafu. Akaniambia kila mfuko una kanuni zake, na huenda ni kweli kwamba pensheni ya kila mwezi haipo. Ila ile miezi kumi na minne, pamoja na fungu la mwajiri, ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu ina warithi. Akaniuliza pia: je, alifia kazini? Mwajiri aliliripoti? Kulikuwa na msaada wa mazishi? Mjane aliandikwa kwenye fomu ya wategemezi? Halafu akauliza lililonikata maini, "Madai yamepelekwa lini? Maana mengine yana muda wake." Nikamwambia hayajapelekwa kabisa. Kilicho chake kimefungwa kwenye kabati lako, na wewe unampelekea bahasha ukidhani unamlipa. Wakati wewe unajitesa, unaweza kuwa unamdhulumu. Nakuumiza, najua, lakini ni lazima ulisikie hilo kabla ya yote.

Hilo la fungu lako la mkupuo kugawanywa kwenye bahasha za siri, lifute. Hizo ni pesa za mkeo pia. Ni yeye aliyeziokoa kwa penseli yake, na wewe unataka kuzitumia kuendeleza uongo alioachiwa kuubeba bila kuujua. Hilo la kumtuma mtu akununulie vyumba kwa mlango wa nyuma, lifute vile vile. Kila njia uliyoifikiria ina sura moja: wewe unajua, yeye hajui, na unaamua kwa niaba yake. Ndivyo ulivyomfanyia mumewe alipokaa juu ya magunia akakuomba ukweli.

Unasema ukisema atavunjika. Atavunjika ndiyo. Lakini sasa hivi anauza kitu pekee cha kweli alichoachiwa, kwa kuitegemea pensheni isiyokuwepo. Akishauza na bahasha ikakatika, atakuwa hana vyumba, hana pensheni, na jina lako liko pale chini ya karatasi kama shahidi. Utashuhudia nini? Akijua leo, anaweza kuamua mwenyewe. Pengine ataviuza bado, mtoto ni mtoto. Pengine ataezeka kimoja akipangishe, binti angoje mwaka. Sijui, nawe hujui, na si kazi yetu kujua.

Anza na mkeo, leo asubuhi, gazeti likiwa mkononi kama huna pa kuanzia. Ulikubali kuitwa mzinzi ili usiitwe mwongo. Hiyo ni biashara ya hasara kwa pande zote, maana huyo mwanamke analia kwa sababu ya mwanamke asiyekuwepo. Mwambie yote, likiwemo la droo. Atafoka. Mwache afoke, halafu umwombe aje na wewe kwa shemeji, maana utahitaji mtu wa kushika hesabu, na yule mama atahitaji mwanamke mwenzake chumbani.

Kauchukue ule mfuko wa nailoni stoo. Mpe mkononi mwake, usimshughulikie tena peke yako. Jumatatu nenda naye ofisi ya Mfuko mara inapofunguliwa, aketi yeye kwenye kiti mbele ya karani, wewe usimame nyuma na ujibu unapoulizwa. Wakiuliza zile barua za kuachishwa kazi zilitokeaje, sema kweli, hata kama itakuletea maswali. Mliudanganya Mfuko, mkadhani mnamdanganya mtu mwingine. Anayestahili kujibu ni wewe na huyo afisa utumishi wenu, siyo mjane.

Kuhusu bahasha: ulizompa umempa, usizidai wala usizihesabu kwa sauti. Kama wewe na mkeo mtaweza kuendelea kumsaidia, semeni ni msaada kutoka kwenu na ni kiasi gani, naye awe na haki ya kuukataa. Daftari la kusaini usimpelekee tena.

Na kabla hujatoka kiwandani mwisho wa mwezi ujao, panda tena juu ya kreti. Hao thelathini na sita wako kazini, wanachangia, wengine bado wana miaka kumi au kumi na tano mbele yao. Waambie hukujitoa. Waonyeshe taarifa yako uliyoikunja, waione miezi isiyokatika inavyofanana. Watakuzomea, lakini hakuna atakayesaini tena barua ya uongo ya kujitoa, na wenye akili watauliza kama wanaweza kujiongezea michango ya hiari. Ukiulizwa usilolijua, tumia lile neno ulilolikwepa miaka kumi na moja. Halijawahi kumwua mtu.

Kusamehewa sikuahidi. Huyo mama ana haki ya kukufukuza, na ana haki ya kutokukuita shemeji tena. Hiyo utaibeba, tena bila kunung'unika.

Jambo la mwisho. Katika barua yako nimebadilisha mambo mawili matatu ili yeye asijitambue humu kabla hujamfikia, kwa sababu hastahili kuambiwa na gazeti. Lakini wenzako kiwandani watakutambua tu, wewe huna mfano, na gazeti hili linasomwa mapumziko ya saa nne. Kwa hiyo vaa viatu. Ukifika, usikae kwanza, usiulizie watoto, usimsifie mshono. Akikukaribisha chai, mwambie subiri. Sema ukweli mlangoni hapo hapo, wote, mpaka mwisho. Halafu uone kama bado atakukaribisha.

Mshauri wako